Kujifunza Takwimu Zisizotegemea Parameta: Kutoka Nafasi hadi Butistrapu

Katika kozi nyingi za takwimu, majaribio yasiyotegemea parameta huwekwa mwishoni, yakifupishwa katika jedwali linalomwambia mwanafunzi kwamba akiwa na makundi mawili atumie Mann-Whitney, akiwa na matatu atumie Kruskal-Wallis, na data zikiwa za jozi atumie Wilcoxon. Mwanafunzi hulikariri jedwali hilo, hufaulu mtihani, kisha hukwama mbele ya msimamizi wa tasnifu yake anapoulizwa thamani ya p aliyoiandika, yaani uwezekano wa kupata matokeo kama yake au makali zaidi kwa bahati tu, imetoka wapi. Mwongozo huu unapendekeza kuanzia upande wa pili: hesabu kwanza kwa mkono, kwa data chache, mpaka uione thamani ya p ikizaliwa kutokana na kuhesabu mipangilio inayowezekana. Ukishaielewa hesabu hiyo, majina ya majaribio hayatakusumbua, kwa kuwa utaona kwamba karibu yote yanauliza swali lilelile kwa data zilizokusanywa kwa namna tofauti.

Parameta ni namba inayobainisha umbo la mgawanyo, kama vile wastani na mchepuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) katika mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele. Jaribio la t, ambalo hulinganisha wastani, hudhani kwamba data zimetoka katika mgawanyo wa aina hiyo. Majaribio tunayoyazungumzia hapa hayadai umbo hilo, lakini ni kosa, tena linalorudiwa mno katika tasnifu, kuandika kwamba hayana masharti yoyote. Yanadai kwamba vipimo viwe huru, yaani kipimo cha mtu mmoja kisitegemee cha mwingine. Mengine yanadai ulinganifu wa mtawanyiko, na mengine yanadai kwamba makundi yanayolinganishwa yawe na umbo moja endapo unataka kuzungumzia mediani, yaani thamani ya katikati data zikishapangwa. Sharti la uhuru wa vipimo ndilo zito kuliko yote, na hakuna jaribio la nafasi linaloweza kukuokoa ukilivunja.

Maarifa ya kuanzia ni machache: kujua kuhesabu ni kwa njia ngapi unaweza kuchagua vitu 10 kati ya 20, kuelewa maana ya uwezekano, na kuwa na programu ya takwimu ya R, ambayo hupakuliwa bila malipo. Kalamu na karatasi ni za lazima katika hatua za mwanzo.

Data za kujifunzia

Mwaka 1905 Cushny na Peebles walichapisha matokeo ya uchunguzi wa dawa za usingizi uliofanywa kwa wagonjwa wa hospitali ya akili ya Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka 1908 William Gosset, aliyekuwa mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin na aliyeandika kwa jina la Student, aliwachukua wagonjwa kumi kati ya hao ili kuonyesha matumizi ya jaribio ambalo leo tunaliita jaribio la t. Gosset aliyakosea majina ya dawa aliponakili safu za data, na kwa sababu hiyo nitaziita tu dawa ya kwanza na dawa ya pili. Data hizo zimo ndani ya R kwa jina la sleep, na ninazipendekeza kwa sababu ni chache kiasi cha kuhesabika kwa mkono, ilhali zina vikwazo vyote utakavyokutana navyo kazini: sare, sufuri, na thamani moja iliyo mbali na nyenzake.

Kila namba ni saa za usingizi zilizoongezeka au kupungua kwa mgonjwa. Kwa dawa ya kwanza, wagonjwa kumi walipata 0.7, -1.6, -0.2, -1.2, -0.1, 3.4, 3.7, 0.8, 0.0 na 2.0. Kwa dawa ya pili, wagonjwa walewale kwa mpangilio uleule walipata 1.9, 0.8, 1.1, 0.1, -0.1, 4.4, 5.5, 1.6, 4.6 na 3.4. Ukitoa ya kwanza katika ya pili kwa kila mgonjwa utapata tofauti hizi: 1.2, 2.4, 1.3, 1.3, 0.0, 1.0, 1.8, 0.8, 4.6 na 1.4. Ziandike kwenye karatasi kabla ya kuendelea.

Hatua ya kwanza: alama za chanya na hasi

Jaribio rahisi kuliko yote linatazama alama tu. Tofauti moja ni sufuri, nayo haielekei upande wowote, hivyo iweke kando. Tisa zilizobaki zote ni chanya. Kama dawa hizi hazitofautiani, basi kila tofauti ingeweza kuwa chanya au hasi kwa uwezekano sawa, na kwa wagonjwa tisa ipo mipangilio 512 ya alama, yaani 2 kwa kipeo cha 9. Mpangilio mmoja tu una alama zote chanya, na mmoja tu una alama zote hasi. Kwa jaribio la pande mbili, yaani linalohesabu ncha zote mbili, thamani ya p ni 2 gawanya kwa 512, sawa na 0.0039. Hapo hukuhitaji jedwali, fomula ya mgawanyo wa kawaida wala kompyuta.

Wazo hili ni la zamani kuliko takwimu zenyewe kama taaluma. Mwaka 1710 John Arbuthnot alichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za ubatizo wa London za miaka 82, ambapo kila mwaka wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana, akahesabu uwezekano wa jambo hilo kutokea kwa bahati kuwa nusu kwa kipeo cha 82. Hitimisho lake lilikuwa la kidini, kwamba ni kazi ya Mungu, lakini hesabu ni hiyo uliyoifanya sasa hivi.

Hatua ya pili: nafasi zenye alama

Udhaifu wa kutazama alama peke yake ni kwamba tofauti ya saa 0.8 na ile ya saa 4.6 huhesabiwa sawasawa. Mwaka 1945 Frank Wilcoxon, mkemia aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya American Cyanamid, alichapisha makala fupi yenye majaribio mawili yanayotumia nafasi badala ya thamani zenyewe. Nafasi hapa ina maana ileile ya nafasi darasani: anayeshika nafasi ya kwanza anaweza kumpita wa pili kwa alama moja au kwa alama thelathini, na nafasi zao hazibadiliki.

Panga tofauti tisa kuanzia ndogo hadi kubwa bila kujali alama zake: 0.8 inapata nafasi ya 1, 1.0 ya 2, na 1.2 ya 3. Zinafuata 1.3 mbili, ambazo zimetoka sare katika nafasi ya 4 na ya 5, hivyo kila moja inapewa wastani wa nafasi hizo, 4.5. Kisha 1.4 inapata 6, 1.8 inapata 7, 2.4 inapata 8, na 4.6 inapata 9. Jumla ya nafasi za tofauti chanya ni 45, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote zinazowezekana. Katika mipangilio 512 ya alama, ni mmoja tu unaotoa 45 na mmoja tu unaotoa sufuri, kwa hiyo thamani ya p inabaki 0.0039.

Sasa ingiza data hizo katika R:

d <- sleep$extra[11:20] - sleep$extra[1:10]
wilcox.test(d)

Kwa kawaida programu itakuonya kwamba kuna sare na sufuri, kisha itatoa thamani ya p ya 0.0091 badala ya 0.0039. Usidhani umekosea. Kwa sababu ya sare na sufuri, R imeacha hesabu kamili na kutumia makadirio ya mgawanyo wa kawaida, na kwa wagonjwa tisa makadirio hayo ni hafifu. Mtu ambaye hakuhesabu kwa mkono hawezi kuijua tofauti hiyo, wala hawezi kuamua ni namba ipi ya kuandika katika ripoti. Kwa maoni yangu, jambo hili peke yake linatosha kuhalalisha muda utakaotumia kwenye karatasi.

Kabla ya kuiacha hatua hii, fanya jaribio moja zaidi. Chukulia kwamba karani aliandika 46 badala ya 4.6. Wastani wa tofauti utapanda kutoka 1.58 hadi 5.72, kana kwamba dawa ya pili imekuwa na nguvu zaidi ya mara tatu. Hata hivyo thamani ya t itashuka kutoka 4.06 hadi takriban 1.28, kwa sababu mchepuko sanifu umefura kutoka 1.23 hadi zaidi ya 14. Kwa maneno mengine, ushahidi wa jaribio la t unadhoofika kadiri thamani hiyo moja inavyozidi kuelekea upande ule ule wa hitimisho. Jumla ya nafasi haitikisiki: 46 bado ni ya tisa, na jumla bado ni 45.

Hatua ya tatu: makundi mawili yaliyo huru

Jaribio la pili la Wilcoxon, ambalo Henry Mann na Donald Whitney walilipanua mwaka 1947, ni la watu tofauti katika kila kundi. Kwa ajili ya mazoezi tu, jifanye kwamba safu mbili za data ni za wagonjwa ishirini tofauti. Panga namba zote ishirini pamoja na uzipe nafasi 1 hadi 20, ukigawana nafasi penye sare. Ukifanya kwa uangalifu, jumla ya nafasi za dawa ya kwanza itakuwa 80.5 na ya dawa ya pili 129.5, zikijumlishwa ni lazima zitoe 210, na huo ndio ukaguzi wako wa kwanza.

Ipo njia nyingine ya kufika hapo, nayo ndiyo inayofichua maana ya jaribio hili. Mlinganishe kila mgonjwa wa dawa ya kwanza na kila mgonjwa wa dawa ya pili. Hiyo ni milinganisho 100. Hesabu ni mara ngapi wa dawa ya kwanza alilala zaidi, na kila sare ihesabu kama nusu. Utapata 25.5, namba ambayo R huiandika kama W. Hivyo wa dawa ya pili anashinda katika milinganisho 74.5 kati ya 100. Jaribio la Mann-Whitney linauliza kama uwiano huo uko mbali vya kutosha na 50 kwa 100. Haliulizi kama mediani zinatofautiana, ingawa vitabu vingi huandika hivyo. Makundi mawili yanaweza kuwa na mediani ileile na bado jaribio likaonyesha tofauti, ikiwa maumbo ya mitawanyiko yake hayafanani. Uwiano wa 0.745 ni wa kuuripoti, kwa sababu msomaji asiye mtaalamu anauelewa mara moja.

Ili kupata thamani ya p, fikiria kwamba majina ya dawa yaligawiwa kiholela. Zipo njia 184,756 za kuchagua watu 10 kati ya 20, nyingi mno kwa karatasi lakini nyepesi kwa kompyuta, na si lazima uzipitie zote:

r <- rank(sleep$extra)
s <- replicate(10000, sum(sample(r)[1:10]))
mean(s <= 80.5 | s >= 129.5)

Utapata thamani iliyo karibu na 0.07, na wilcox.test itakupa 0.069. Linganisha na 0.0039 ya hatua iliyotangulia. Data ni zilezile, na kilichobadilika ni kwamba tumesahau kuwa kila mgonjwa alijilinganisha na nafsi yake. Wagonjwa hawa wanatofautiana sana wenyewe kwa wenyewe, na tofauti hizo zimeimeza tofauti ya dawa. Atakayechagua jaribio lisilolingana na namna data zilivyokusanywa anaweza kupoteza matokeo halali bila kujua.

Hesabu hiyo ya mipangilio inakupa pia jibu la swali ambalo watafiti wenye data chache hawalipendi. Ukiwa na watu watatu dhidi ya watatu, ipo mipangilio 20 tu, na thamani ndogo kabisa ya p ya pande mbili ni 0.10. Hata kama kundi moja limelishinda jingine kabisa, huwezi kufika chini ya 0.05. Kwa wanne dhidi ya wanne kiwango cha chini ni 2 kwa 70, karibu 0.029. Kwa jozi tano ni 0.0625, na kwa jozi sita ni 0.031. Fanya hesabu hiyo kabla ya kwenda kukusanya data.

Watu husema kwamba kuacha thamani na kubaki na nafasi ni kutupa taarifa. Hasara hiyo imepimwa. Data zikitoka kweli katika mgawanyo wa kawaida, ufanisi wa jaribio la Wilcoxon kulinganisha na jaribio la t katika sampuli kubwa ni 3 gawanya kwa pai, yaani 0.955, kazi ambayo jaribio la t hufanya kwa watu 100, Wilcoxon huifanya kwa takriban 105. Hodges na Lehmann walionyesha mwaka 1956 kwamba pale makundi yanapotofautiana kwa kusogea tu, ufanisi huo haushuki chini ya 0.864 kwa mgawanyo wowote, ilhali kwa mitawanyiko yenye mikia mizito unaweza kupanda bila kikomo. Jaribio la alama peke yake ndilo lenye gharama: ufanisi wake katika mgawanyo wa kawaida ni 0.637.

Majaribio mengine ya nafasi utayapitia haraka. Kruskal na Wallis, mwaka 1952, walilifikisha wazo la makundi mawili kwenye makundi matatu na zaidi. Milton Friedman, mwanauchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1976, alikuwa amefanya hivyo mwaka 1937 kwa data ambazo kila mtu amepimwa chini ya hali zote. Uhusiano wa Spearman, wa mwaka 1904, ni uhusiano wa kawaida uliokokotolewa juu ya nafasi badala ya thamani. Kwa kila mojawapo uliza ni kitu gani kinachopangwa upya kama nadharia tete ya sifuri, yaani dhana kwamba hakuna tofauti wala uhusiano, ni kweli, na utakuwa umelielewa.

Hatua ya nne: butistrapu

Majaribio ya nafasi hujibu kama tofauti ipo. Mara nyingi tunataka kujua pia tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani, na makadirio yetu yana mashaka kiasi gani. Kwa wastani ipo fomula ya kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi kadirio linavyobadilika kutoka sampuli hadi sampuli. Kwa mediani, uwiano wa mediani mbili, au kipimo ulichokibuni mwenyewe, aghalabu hakuna fomula nyepesi. Mwaka 1979 Bradley Efron wa Chuo Kikuu cha Stanford alipendekeza njia ya kuichukua sampuli uliyonayo kama kiwakilishi cha jamii yote ilikotoka, kuchota humo sampuli mpya yenye ukubwa uleule huku kila thamani ikirudishwa baada ya kuchotwa, kukokotoa kipimo chako, na kurudia mara maelfu. Mtawanyiko wa majibu hayo ndio makadirio ya mashaka yako.

Anza kwa wastani, ingawa hauhitaji butistrapu, kwa sababu jibu lake linajulikana na litakuonyesha kama umeandika amri sahihi:

b <- replicate(10000, mean(sample(d, replace = TRUE)))
sd(b)
quantile(b, c(0.025, 0.975))

Mstari wa pili unapaswa kutoa namba iliyo karibu sana na 0.369. Ukipata namba iliyo karibu kabisa na sufuri, yaelekea umesahau kurudisha thamani baada ya kuchota, na kila sampuli yako ni ileile kwa mpangilio tofauti. Mstari wa tatu unatoa masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani mipaka ya chini na ya juu ya kadirio, kwa njia ya asilimia, ambayo ndiyo nyepesi kuliko zote.

Zingatia kwamba fomula ya kawaida ya kosa sanifu hutoa 0.389. Butistrapu hugawanya kwa n mahali ambapo fomula hugawanya kwa n kutoa moja, na tena haitumii kizidisho cha 2.262 ambacho jaribio la t hutumia kwa watu kumi, bali kitu kilicho karibu na 1.96. Vikiunganishwa, masafa yake yanakuwa finyu kwa karibu asilimia 18 kuliko ya jaribio la t. Hivyo dai kwamba butistrapu ni dawa ya sampuli ndogo si la kweli, kwani kwa watu kumi inajiamini kupita kiasi. Masafa yaliyosahihishwa ambayo Efron aliyachapisha mwaka 1987, na ambayo katika R hupatikana ndani ya kifurushi cha boot kwa jina la bca, hupunguza upendeleo na mshazari (mgawanyo kuegemea upande mmoja) lakini hayaumbi taarifa ambayo haimo katika data.

Kisha badilisha mean kuwa median na uchore histogramu. Badala ya umbo laini utaona nguzo chache zilizotengana, kwa sababu mediani ya thamani kumi zilizochotwa upya haiwezi kuwa ila mojawapo ya thamani hizo au katikati ya mbili kati yake. Kosa sanifu bado lina maana, ila usiiamini tarakimu ya tatu. Kwa kukadiria ukubwa wa tofauti, napendelea kadirio la Hodges na Lehmann la mwaka 1963: chukua wastani wa kila jozi ya tofauti, kila moja ikioanishwa pia na yenyewe, ambazo kwa watu kumi ni 55, kisha tafuta mediani ya wastani hizo.

Yapo mambo ambayo butistrapu hushindwa kabisa, na inafaa uyashuhudie mwenyewe. Jaribu kukadiria mashaka ya thamani kubwa kuliko zote. Uwezekano kwamba 4.6 itaonekana angalau mara moja katika sampuli iliyochotwa upya ni 1 kutoa 0.9 kwa kipeo cha 10, yaani takriban 0.65, na katika sampuli kubwa uwezekano wa namna hiyo hushuka hadi 0.632 tu. Hivyo karibu majibu mawili kati ya matatu yatakuwa 4.6 yenyewe, na hakuna jibu hata moja litakaloizidi.

Kosa lililo la kawaida zaidi ni la kuchota kitu kisicho sahihi. Kama umepima urefu na uzito wa watu na unatafuta uhusiano, chota watu pamoja na vipimo vyao vyote viwili; ukizichota safu mbili kila moja peke yake utaufuta uhusiano unaoutafuta. Kama ulichagua vijiji kwanza kisha kaya ndani ya vijiji, chota vijiji, kwa kuwa kaya za kijiji kimoja hufanana na haziko huru. Ukiwa na vijiji vinane na kaya mia nne, sampuli yako kwa butistrapu ni ya vinane. Kwa data za mfululizo wa siku au miezi, chota vipande vya siku zinazofuatana, si siku mojamoja.

Namna ya kuripoti

Taja jaribio, idadi ya walioingia katika hesabu, ulivyoshughulikia sare na sufuri, kama thamani ya p ni kamili au ya makadirio, na ukubwa wa tofauti. Kwa data zetu sentensi ingekuwa hivi: wagonjwa kumi walipewa dawa zote mbili, tofauti moja ya sufuri iliondolewa, na kwa tisa zilizobaki jaribio la Wilcoxon la nafasi zenye alama lilitoa jumla ya 45, thamani kamili ya p ikiwa 0.0039 kwa pande mbili. Mediani ya tofauti kwa wagonjwa wote kumi ilikuwa saa 1.3. Ukitumia butistrapu, ongeza idadi ya sampuli ulizochota, aina ya masafa, na namba uliyoiweka katika set.seed, amri ya R inayofanya uchotaji wa bahati ujirudie vilevile, ili mwingine aweze kupata majibu yaleyale.